Vibati Viwili Shingoni

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za Nchelenge si ya samaki, ingawa samaki walikuwa kila mahali, juu ya vichanja, ndani ya nywele zetu, hata katika kurasa za daftari zangu za shule. Ni harufu ya mawese yaliyopashwa moto na kuchanganywa na majani ya buba yaliyotwangwa, majani yale yale ambayo wavuvi walikatazwa na serikali kuyatumia kulewesha samaki. Jirani yetu, Mama Ngoi, aliyaficha nyuma ya nyumba yake kwa ajili ya mbwa. Ilikuwa dawa ya upele, ya rangi ya matope mekundu, na ukiipaka kwa mikono ilikaa kwenye viganja siku mbili, chungu na nzito, ikakufuata mpaka kwenye sahani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, katikati ya miaka ya hamsini, na viganja vyangu vilinuka hivyo msimu mzima wa mvua.

Mvua zilipokaza na Ziwa Mweru likaanza kupanda, kambi za wavuvi kwenye visiwa vya matete zilihamwa kwa siku moja au mbili. Watu walipakia nyavu, samaki wakavu na masufuria, wakaondoka. Paka walibaki. Msimu mzima walikuwa wamewawinda panya waliotafuna nyavu za pamba, lakini siku ya kuhama hakuna aliyewataka, kwa sababu wavuvi wetu waliamini kwamba wavu ukisafiri mtumbwi mmoja na paka hautashika kitu mpaka ufumwe upya. Baba yangu aliamini hivyo pia, ila hakuweza kupiga kasia huku akisikia paka analia nyuma yake. Kwa hiyo aliwatia katika kikapu, akakifunika kwa koti lake, akakiweka mbele kabisa ya mtumbwi na wavu nyuma kabisa, kisha akaimba kwa sauti njia nzima ili, kama alivyotueleza kwa uso mkavu, wavu usisikie. Mwaka ule alileta paka watatu na mbwa mmoja ambaye alikuwa amebweka siku tatu juu ya kisiwa kilichobaki ukubwa wa mkeka.

"Umeleta samaki wenye manyoya tena?" mama alimwuliza pale ufukoni.

"Hawali sana," baba akasema.

"Hata wewe uliniambia huli sana," mama akajibu, na tayari alikuwa anatafuta bakuli.

Kwetu mnyama aliyeokolewa hakuwa wetu. Mama alikuwa mkali juu ya hilo. Mwenye mnyama angeweza kutokea siku yoyote, kutoka Kabuta au Chienge au ng'ambo ya ziwa, Kongo, na akitokea ilipasa amkute mnyama wake mnene kuliko alivyomwacha. Ndiyo maana hatukuwapa majina, kwa kuwa jina ni la mwenyewe. Wote waliitwa Mgeni, na mgeni alikula kabla ya watoto wa nyumbani, akanywa maji yaliyotekwa asubuhi hiyo, na hakusogezwa kwa teke. Paka walikuwa kazi ya mama. Mbwa nilipewa mimi. "Mwansa," mama aliniambia, akinishika mikono yote miwili, "huyu akikonda, akipotea, akimng'ata mtu, usimtafute baba yako wala mimi. Tazama mikono hii." Niliitazama. Nilijiona mtu mkubwa.

Ukubwa huo haukudumu. Mbwa yule alikuwa na upele toka masikioni hadi mkiani, na ngozi yake ilikuwa kijivu na yenye mikunjo kama ganda la muhogo uliolowekwa mno. Nilimshika kwa ncha za vidole. Mama Ngoi ndiye aliyenifunza kumshika. Alikuwa mjane kutoka Pweto, mwuza mawese, na aliongea Kiswahili cha Kongo kwa kila mtu, hata kwa kuku. Mlangoni pake alilala mbwa wake mzee aliyeitwa Kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwa sababu, alisema, hakufanya lolote ila kuwaangalia wengine wakifanya. Jicho moja la Kapita lilikuwa na ukungu. "Kuya karibu, mutoto," Mama Ngoi aliniita siku ya kwanza, akichovya mkono wake mzima ndani ya dawa. "Hii imbwa haiogope upele. Weye njo unaogopa." Akaushika mkono wangu, akauzamisha, na pamoja tukampaka Mgeni mgongoni, taratibu, tukifuata manyoya yalikoelekea. Mbwa alitetemeka, kisha akaniegemea. Baada ya wiki tatu, manyoya mapya, laini, yalianza kuota shingoni. Niliyagusa kila asubuhi kabla ya shule.

Lakini shuleni niliuona uso mwingine wa mambo. Mgeni alinifuata siku moja hadi mlango wa darasa, akimetameta kwa mawese, na Bwalya, binti wa mwalimu, akaziba pua. "Mwansa, huyo mlimwokoa ziwani au mlimwokoa jikoni? Mbona ameungua upande mmoja?" Wasichana wote walicheka. Nami nilicheka. Nilimwokotea jiwe dogo, nikamrushia, si kwa kumwumiza bali ili waone kwamba si wangu. Alikaa chini mbali kidogo, akanisubiri mpaka kengele.

Mwezi uliofuata habari ilitoka Kabuta kwamba mbwa mwenye kichaa amemng'ata mtu. Amri ikatangazwa kijiji kwa kijiji na kapaso, mjumbe wa serikali mwenye sare na kofia nyekundu ya tarbushi: mbwa wote wapelekwe kiwanjani siku ya Alhamisi wakachomwe sindano, na kila atakayechomwa afungwe shingoni kibati chenye namba. Baada ya hapo mbwa asiye na kibati angepigwa risasi popote atakapoonekana. Mama alikuwa na samaki motoni. "Mpeleke Mgeni," aliniambia, "na usiachie kamba." Nilitoka naye. Kutoka mbali nikakiona kiwanja kimejaa, nikamwona Bwalya katikati ya wenzake, na mbwa wao mnene wa kahawia amevaa mkanda wa ngozi. Nikakata kulia. Tulikaa ndani ya matete, mimi na Mgeni, tangu asubuhi hadi jua lilipoinama, maji yakinifika vifundoni, nikimfunga mdomo kwa mkono asibweke. Nilisikia mbwa wa watu wakilia kwa sindano, mmoja mmoja, kisha nikasikia kimya.

"Kibati chake kiko wapi?" mama aliuliza.

"Kamba imekatika. Kapaso kasema nikakichukue kesho."

Uongo ulitoka mzima, bila kukwaruza koo. Kesho yake mama aliulizia tena, na mimi nikaenda kwa Mama Ngoi. Hakuwapo, alikuwa ziwani akitoa muhogo wake majini. Kapita alikuwa mlangoni. Shingoni alikuwa na kibati kipya, tayari chenye alama ya meno upande mmoja, kwa maana alikuwa amekitafuna usiku kucha kwa kutopenda kufungwa. Nilijiambia kwamba kila mtu anamjua Kapita. Watu walisimulia kwamba kapaso mwenyewe alimwona akichomwa, akalicheka jina lake. Hakuna mtu duniani angempiga risasi Kapita. Nilipokuwa ninafungua fundo aliinua kidevu ili niweze kufikia vizuri, na nilipomaliza akailamba mikono yangu, kwa kuwa ilikuwa na mawese.

Jumatatu alikuja kapaso mwingine, kijana aliyetumwa kutoka upande wa Chienge, na bunduki begani. Hakumjua mtu kwetu. Tulikusanyika nje ya nyumba, kila mmoja ameshika mbwa wake, mimi nimemshika Mgeni. Aliinama, akakigeuza kibati shingoni, akasema, "Huyu sawa," akapita. Kisha akasimama mlangoni pa Mama Ngoi.

"Huyu wa nani?"

"Ba kapaso, huyo ni Kapita," mama yangu akasema. "Alichomwa Alhamisi, watu walimwona. Mwenyewe yuko ziwani, ngojeni kidogo aitwe."

"Mama, mimi sikutumwa kuangalia majina. Naangalia shingo."

"Mzee huyo hana hata meno ya kung'ata ugali!" mtu mmoja alipaza sauti, na watu wakacheka. Kapaso naye karibu acheke. Aliondoa kofia, akajipangusa jasho, akatazama upande wa ziwa kana kwamba kweli angengoja. Nadhani alitaka kungoja. Muda ule ulikuwa mrefu wa kutosha kwa msichana kusema maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni: kibati ni chake. Mkono wangu ulikuwa juu ya shingo ya Mgeni, kile kibati chini ya kiganja, chenye moto wa jua, na niliyahisi yale meno ya Kapita yakiniparuza ngozi. Kama nitasema, watamwua Mgeni, niliwaza. Huo ndio udhuru niliojipa kwa miaka mingi, na ungekuwa udhuru mzuri kama ungekuwa kweli. Ukweli ni kwamba Bwalya alikuwa amesimama pale.

Kapaso akavaa kofia yake. Alimtoa Kapita kwa kamba hadi nyuma ya kichaka, na mzee yule alimfuata bila ubishi, mkia ukitikisika. Mlio wa bunduki uliwarusha korongo wote wa ufukoni.

Mama Ngoi alikuja mbio, beseni la muhogo bado kichwani, maji meupe yakimtiririka usoni. Hakumlaumu kapaso. Hakumlaumu mtu. Alipiga magoti kando ya mbwa wake, akaipapasa shingo tupu kwa vidole viwili, mbele na nyuma, mara nyingi, akitafuta kamba. "Ni mi nilifunga mubaya," alisema. "Mikono imezeeka. Ni mi nilifunga mubaya." Aliyasema siku ile, na siku iliyofuata, kwa wateja wake wa mawese, kwa kuku, na kwangu. Kwangu aliyasema akinionyesha vidole vyake, kana kwamba nimemwomba ushahidi.

Baada ya wiki mbili mama aliniita. Hakuna mtu aliyekuwa amekuja kumdai Mgeni. "Mama Ngoi anakaa peke yake," alisema. "Yeye ndiye aliyemponya. Mpeleke, akae kwake mpaka mwenyewe atokee." Sikuweza kukataa bila kutoa sababu. Nilimwongoza Mgeni uani kwa jirani, na Mama Ngoi akampokea kwa mikono miwili, akamkanda masikio, akamsifu manyoya. Kisha kidole gumba chake kikafika kwenye kibati. Hakujua kusoma namba. Kidole kilizunguka ukingo wake polepole, kikapita, kikarudi, kikasimama juu ya alama ya meno. Aliinua macho akanitazama. Sijawahi tena kutazamwa hivyo na mtu. Haukuwa uso wa hasira, na laiti ungekuwa. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba vidole vyake ni vizima, na hajui afurahi au alie.

"Leta mayi, mutoto," alisema mwishowe. "Hii imbwa iko na kiu."

Nilileta maji. Kesho yake alifunga mlango wake, akamtia Mgeni kamba, akaenda kwa miguu hadi Boma, kwenye ofisi za serikali, safari ya siku nzima kwenda na kurudi kwa mwanamke wa umri wake, na jioni akarudi na mbwa aliyechomwa sindano kweli. Shingoni mwa Mgeni sasa vilining'inia vibati viwili.

"Mama Ngoi, viwili vya nini?" mama yangu aliuliza, akicheka.

"Ilichomwa mara mbili, Mama Mwansa," akajibu, naye akicheka. "Iwe nguvu." Wala hakugeuka upande wangu.

Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema kwamba alifunga vibaya. Hakunifukuza uani kwake. Aliendelea kunichovya mikono katika dawa kila baba alipoleta mnyama mwingine. Ila kila Mgeni alipopita njiani, vile vibati viligongana, ti, ti, na mimi niliacha chochote nilichokuwa ninafanya. Alipita hivyo mwaka mmoja na nusu. Kisha kaka yake Mama Ngoi alikuja kumchukua dada yake, wakavuka ziwa kurudi Pweto, mbwa amesimama mbele ya mtumbwi. Niliusikia mlio ule juu ya maji muda mrefu kuliko nilivyouona mtumbwi. Nilikuwa nimepanga kumwambia siku ile. Nilimbebea mkeka wake hadi ufukoni, nikamuaga tu.

Sasa nakaa mjini, katika nyumba yenye paka wawili na mbwa mmoja walioletwa kwangu na watu waliochoka nao. Wote wanaitwa Mgeni. Majirani wananisifu, wanasema Mungu amenipa moyo wa huruma, na watoto wao wanakuja kuniuliza jinsi ya kutibu upele. Dawa siku hizi inauzwa ndani ya chupa na haina harufu. Nawaonyesha jinsi ya kuipaka kwa kiganja kizima, kufuata manyoya yalikoelekea. Hawajui nilifunzwa na nani, wala nilimlipa nini. Kila mwaka nampeleka mbwa kuchomwa sindano mimi mwenyewe, nasimama kwenye foleni mbele ya watu, na nikirudi nalifunga fundo, nalivuta, nalifunga tena. Anavaa kibati kimoja tu, nacho hakina cha kugongana nacho. Hata hivyo, akiinuka kwenda kunywa maji, mimi nasikia viwili.