Laini ya Shemeji

Mkataba wangu wa kambini uliisha Ijumaa, na kufika Jumatatu shemeji yangu alikuwa ameshajua nimelipwa kiasi gani. Aliyemwambia simjui mpaka leo. Nilitoka kufua nikamkuta amekaa barazani kwa mama yangu, mtaa wa Katubuka, hapa Kigoma mjini, anakunywa chai yetu, binti yangu kamkalia mapajani anachezea funguo zake.

"Shemeji, pole na kazi."

"Nimeshapoa."

"Sasa hela yako unaiweka wapi?"

Hivyo tu. Hata kuniuliza naishije bila kazi hakuniuliza. Huyu ni mdogo wake mume wangu, anaishi Kasingirima, ana hisa kwenye boti moja ya dagaa na ndoto ya boti ya pili. Mume wangu yuko machimboni Mpanda, anapiga simu akipata mtandao, na hajawahi kumwambia mdogo wake hapana tangu azaliwe. Hilo nililikuta, sikulianzisha mimi.

"Hela ikikaa benki inalala," shemeji akasema. "Ikikaa ziwani inaogelea."

"Na ikizama?"

Akacheka, akamrusha mtoto juu, mtoto naye akacheka. Mimi sikucheka. Hela ile ilikuwa moja, na hakuna nyingine iliyokuwa inakuja nyuma yake. Nilikuwa mkalimani kwenye kliniki ya wakimbizi, upande wa Kasulu. Mrundi anasema tumbo linauma vipi, mimi namwambia daktari kwa Kiswahili, daktari anajibu, namrudishia mgonjwa. Kwa Muha kama mimi kazi hiyo si ngumu, lugha zetu zinakaribiana kama vyumba vya nyumba moja. Halafu mabasi ya kuwarudisha kwao yakaanza kujaa, kliniki zikaunganishwa, na sisi Watanzania tuliokuwa tunakula kwa ajili yao tukarudishwa kwetu vilevile. Tofauti ni kwamba sisi hatukupewa blanketi.

Kwa hiyo malipo yale ya mwisho ndiyo yalikuwa shule ya binti yangu. Sikuwa na mpango mwingine. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, cheti cha kidato cha nne, na hela moja.

Nikaenda benki mjini. Ukutani palikuwa na picha ya dada amekaa kwenye kochi anatabasamu na simu yake, na maandishi makubwa: wekeza ukiwa popote. Kijana wa pale, mgeni wa mkoa, shati jeupe mpaka linaumiza macho, alinieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Ndani ya programu ya simu ya benki kulikuwa na mlango wa uwekezaji. Ukiingia unachagua. Kuna hati fungani, yaani unaikopesha serikali kwa miaka mingi na inakulipa faida kidogo kidogo. Kuna hisa za makampuni. Na kuna mfuko wa vipande, watu wengi wanachanga hela pamoja, wataalamu wanazizungusha, na wewe unamiliki vipande vyako, ukitaka unauza na hela inarudi baada ya siku chache.

"Nahitaji nini ili nianze?"

"Namba ya kitambulisho cha taifa, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Majina yakishalingana, umemaliza."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye vyote viwili. Sikuwa na hata kimoja.

Mtu wa mkoa mwingine hawezi kulielewa hili mpaka aelezwe na mtu wa Kigoma. Nilipoenda kujiandikisha kitambulisho, zamani, nilikuwa nimeanza kazi kambini karibuni. Yule aliyekuwa anaandikisha akaniuliza kazi yangu, nikamwambia. Akaniuliza Kirundi nilijifunzia wapi. Nikasema sikujifunza, ni Kiha changu tu. Akanitazama, akaandika kitu, akasema faili langu litasubiri uhakiki wa uraia. Wenzangu wote wa mtaani walipata namba zao. Mimi nikasubiri. Ulimi ulionipa kazi ndio huohuo ulioninyima kitambulisho. Akaunti ya benki nilifungua kwa kadi ya kupigia kura na barua ya mwajiri, hapakuwa na shida. Ila ilipokuja amri kwamba kila laini isajiliwe kwa alama za vidole au izimwe, sikuwa na namba ya kusajilia. Shemeji akaja. Tukaenda dukani, akaweka kidole chake, laini yangu ikapona. Alifanya kwa wema. Nilimshukuru, nikampikia ugali na samaki wa migebuka.

Wengi walifanya hivyo. Nusu ya wanawake ninaowajua walikuwa wanatumia laini zenye majina ya kaka zao.

Kwa hiyo nilipotoka benki nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anapenda njia ya mkato. Shemeji alikuwa nayo.

"Hiyo ya benki ni ya watu wa tai," alisema. "Wewe weka hela kwenye simu, bonyeza nyota, fuata maelezo, unanunua vipande hivyohivyo. Fasta. Hawakuulizi kitambulisho, laini inatosha."

Nikajaribu na kiasi kidogo, nikiwa jikoni, moshi unaniingia machoni. Nilibonyeza nyota, nikafuata namba, nikakubali, nikakubali tena. Ujumbe ukaingia. Hongera, ukasema, umenunua vipande. Hongera hiyo ilimtaja mwenye vipande. Majina matatu. Ya shemeji.

Nilikaa chini kwenye kigoda. Maharage yakachemka yakamwagika, sikuinuka.

Maana sasa niliona kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakikanyaga bila kukiona. Siyo vile vipande tu. Benki yangu yenyewe, kila nikitaka kutoa hela kwa simu, inatuma tarakimu za siri kwenye laini ile. Na laini ile ni yake. Akienda dukani akasema imepotea, akaweka kidole, anapewa nyingine yenye namba ileile, na mimi nabaki na kipande cha plastiki. Hatavunja mlango wala hataiba. Ataweka kidole tu, chake mwenyewe, kwenye laini yake mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo sikuiacha simu. Nilienda nayo chooni. Nikiona alama za mtandao zimepungua, nampigia mama aliye chumba cha pili kuhakikisha laini ipo hewani. Mama akachoka.

"Mwanangu, una mwanaume mwingine?"

"Mama!"

"Nauliza. Simu gani hiyo ya kulala nayo kifuani?"

Nikamweleza. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Kesho twende kwenye hicho kitambulisho chako. Mimi nitavaa kitenge kizuri."

Nilimwomba pia shemeji, kwa upole kwanza, aje tuhamishe laini nikishapata namba. Akasema sawa. Kisha akauliza kwani simwamini. Nikasema namwamini. Akasema basi haraka ya nini. Jamani, unamjibu nini mtu wa namna hiyo?

Ofisini tulisubiri kwenye benchi asubuhi nzima, mtoto analia njaa. Tulipoingia, ofisa akaniuliza maswali yaleyale: nimezaliwa wapi, shule gani, mwenyekiti wa mtaa nani. Nikajibu. Akaniuliza babu mzaa baba alikufa wapi.

Mama hakuningoja. "Yuko Ujiji, amelala makaburini. Twende ukamuulize mwenyewe kama alikuwa Mrundi."

Ofisa akainua macho. "Mama, mimi natimiza kazi."

"Na mimi natimiza ya mwanangu. Nilimzaa katika hospitali ya mji huu, mvua inanyesha, mkunga ananitukana. Mrundi gani anatukanwa hivyo?"

Yule bwana akacheka bila kutaka. Hakutupa kitu siku hiyo. Tukaitwa tena tuje na mzee wa mtaa, tukaitwa tena tuje na jirani. Katikati ya kuitwa huko shemeji alikuja mara mbili kuulizia mashine ya boti, akataja bei, akasema muuzaji hatangoja. Mume wangu akapiga: "Mke wangu, si umpe hata nusu? Ni damu yangu." Nikamwambia mtoto pia ni damu yake. Simu ikakatika. Sikujua kama ni mtandao au ni yeye.

Namba ikatoka. Hakuna aliyeniomba radhi. Ilikuja kama mtu aliyechelewa kwenye harusi, anakaa tu anaanza kula.

Sasa ilibaki kidole cha shemeji, kwani dukani walisema laini haihami mwenye jina asipokuja. Na kidole kikawa hakipatikani. Leo giza, wanaingia ziwani. Kesho amelala, alikuwa ziwani. Keshokutwa yuko Kibirizi anauza. Kweli, dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, huwezi kumlaumu mtu kwa kuvua. Nikangoja mwezi. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa dagaa hawaifuati taa, boti zinapandishwa mchangani, na mvuvi hana pa kujificha.

Nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda mwaloni Ujiji, boti zinakotia nanga. Siku za mbalamwezi hakuna cha kuanika, wanawake wa dagaa wamekaa kwenye kivuli cha boti wanasukana. Shemeji alikuwa kati ya wenzake anacheza bao.

"Shemeji, twende dukani."

"Ah, shemeji! Umekuja mpaka huku? Kesho bwana."

"Leo."

"Kesho, nakuapia."

Nilikuwa nimejipanga kusema kwa adabu. Haikutoka. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kwamba laini yangu iko kwenye jina lake, kwamba hela ya mtoto huyu hapa mgongoni inalindwa na kidole chake, kwamba nimeomba mpaka mate yamekauka, na kama anataka hela aseme mbele za watu anataka, nijue.

Bao likasimama. Mwanamke mmoja mnene, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akageuka.

"Kaka, kwani kidole kinauzwa?"

"Mpe dada kidole chake!" akadakia mwingine. "Hatukuombi mkono!"

"Au kimeoza kwa dagaa?"

Wakaangua kicheko wote, na wachezaji wa bao nao. Shemeji akainuka akajipangusa mchanga, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Njiani alitangulia, karibu na duka akageuka.

"Umeniaibisha."

"Najua."

"Sikuwa na nia ya kuiba hela yako."

Nilimwamini, na nikaendelea kutembea. Mimi sikuwa nikitaka nia yake. Nilitaka jina langu.

Akaweka kidole. Nikaweka changu. Mashine ikakikataa mara ya kwanza, jasho, nikakifuta kwenye kanga, ikakubali.

Kesho yake nikarudi kwa kijana wa shati jeupe. Kabla ya kuchagua, programu inakuuliza maswali ili ikujue wewe ni mwekezaji wa aina gani. Alinisomea kwenye simu yangu.

"Fedha yako ikishuka thamani ghafla, utafanya nini? Nitatoa yote, nitasubiri, au nitaongeza."

"Hakuna jibu la sitalala?"

"Dada, hilo halipo."

"Basi nitasubiri. Kusubiri nimefanya mazoezi."

"Utaihitaji fedha hii baada ya muda gani?"

Hapo nikakwama. Nilimkumbuka mama mmoja wa kambini, mwenye sukari. Daktari anamweleza dawa za miezi ijayo, na yeye akanigeukia mimi, siyo daktari, akasema: nikiitwa kwenye basi kesho, dawa hizo nitazifuata wapi? Nilitafsiri. Daktari akainama akaendelea kuandika dawa za miezi ileile.

Kijana alinishauri hati fungani. Mtoto ni mdogo, alisema, muda unao, faida ni kubwa zaidi. Alikuwa sahihi kwa hesabu. Lakini kuiuza kabla ya wakati, alikiri mwenyewe, lazima apatikane mnunuzi. Mimi nilikuwa nimetoka kumtafuta mtu mmoja ufuoni mpaka mwezi ukajaa.

"Niwekee kwenye vipande."

"Faida yake ni ndogo, dada."

"Nikiitaka inakuja?"

"Inakuja."

"Bila kidole cha mtu?"

"Chako tu."

Tarakimu za siri zikaingia kwenye simu, na binti yangu akataka kuzibonyeza yeye. Nikamwachia ya mwisho.

Shemeji alininunia mpaka boti zilipoingia tena ziwani, kisha akaja kunywa chai kama kawaida. Boti ya pili hajapata. Vile vipande vya majaribio, nilivyonunua jikoni, bado viko kule kwa majina yake matatu, na ujumbe wake unaingia kwangu maana namba ni ileile. Vimeongezeka kidogo. Sijamwambia. Kuvitoa inabidi aende mwenyewe na kidole, na mimi mwaloni sirudi.

Hofu haijaisha. Kuna siku bei ya kipande inasimama palepale wiki nzima, napika nikiwaza serikali, wataalamu, mtandao, moto kwenye benki. Kila asubuhi, kabla ya uji wa mtoto, nafungua programu. Nasoma jina kwanza. Kiasi nasoma baadaye.