Mpangaji Aliyekula Jikoni Kwetu

Juzi mtoto wa kaka yangu alinijia na furaha yake. Anajenga vyumba Nyalikungu, vya kupangisha watu wa miezi miezi: manesi wa mikataba, mafundi wa barabara, watu wa miradi. Vitanda ameshaagiza, na vyandarua, na tangi la maji. Nikampa hongera. Kisha akasema, "Na asubuhi, shangazi, nitawapa chai na chapati ili wajisikie wako nyumbani." Kikombe nilichoshika nilikitua mezani kwa kishindo mpaka akashtuka. Wajisikie nyumbani! Nyumbani kwa nani?

Aliondoka akidhani nimezeeka vibaya. Basi naandika, maana nikisema nitafoka, na nikifoka hatasikia.

Enzi za Ujamaa, Bariadi yetu ilikuwa barabara ya vumbi na maduka machache. Msimu wa pamba ulipofika walikuja makarani wa kuinunua, watu wa mbali, na pa kulala hapakuwepo. Mama yangu aliliona hilo kabla ya wanaume wote wa mtaa ule. Kwa pamba ya shamba lake mwenyewe, aliyoipalilia huku mgongo ukimuuma, alijenga chumba mbele ya nyumba yetu: sakafu ya saruji, bati juu, na mlango wake wa kutokea barabarani.

Chumba kile kilikuwa na mwenyewe. Kilikuwa cha bibi, mama yake mama, aliyekuwa akiishi peke yake Nkoma katika kibanda cha nyasi kinachovuja, na kifua chake hakikuwa tena cha kustahimili unyevu. Kwetu mama mkwe hawezi kulala ndani ya mlango mmoja na mkwewe. Baba na bibi hawakuthubutu hata kupishana uani. Jikoni, tulikolala sisi watoto, moshi ungemmaliza. Kwa hiyo ule mlango wa barabarani ndio uliokuwa kila kitu. Mpango wa mama ulikuwa rahisi: chumba kipangishwe msimu mmoja tu, kipate kitanda na godoro, pamba ikiisha karani aende zake, bibi aletwe kabla ya mvua. Bibi alijua. Alikuwa ameshaanza kugawa kuku wake.

Karani akaja, mpole, shati jeupe, viatu vinang'aa. Jioni ya kwanza mama alimwona amekaa kizingitini anatafuna mkate mkavu wa dukani. Mama hakuvumilia. Hakuwahi kujua kula ugali wake huku mtu wa uani kwake anatafuna mkate. Tonge lisingepita kooni. Akanituma nimpelekee ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga. Kesho yake hakusubiri kupelekewa. Alikuja mwenyewe jikoni, akanawa, akavuta kigoda akakaa karibu na baba.

Kisukuma alijifunza maneno mawili tu, na yalimtosha. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kila asubuhi. Mayu ni mama. Mama aliyeyuka kama siagi juani. Kabla msimu haujafika nusu alikuwa akimfulia mashati, na mimi nilikuwa nikimpigia magoti kumnawisha, kama kaka yangu mkubwa. Mie nilimchukia tangu hapo. Sikuwa na sababu yoyote, ila alivyokuwa akinyoosha mikono bila kunitazama.

Pamba ikaisha. Makarani wenzake wakapanda lori wakaondoka. Wa kwetu hakuondoka. Anasubiri uhamisho, alisema, labda wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika ikapita, na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwa. Mama akamwambia kwa upole, akizunguka zunguka, kwamba chumba kina mwenyewe na mwenyewe ni mgonjwa.

"Mayu," akajibu huku akimega tonge, "siku hizi mwenye kupangisha nyumba anaitwa kabaila. Mimi nikiulizwa, nasema naishi kwa mama yangu. Ndivyo ninavyokulinda."

Mpaka leo nalisikia lile neno, "ninavyokulinda", limetoka katika mdomo uliojaa chakula chetu.

Mama akaogopa, lakini akaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe akaja, akapewa kiti, akamtazama karani, akamtazama mama.

"Huyu anakula wapi?"

"Anakula hapa," mama akasema.

"Chungu kimoja na ninyi?"

"Kimoja."

"Sasa mpangaji yuko wapi, mayu? Anayekula chungu chenu ni mtoto wenu. Mtoto hafukuzwi mvua ikiwa mlangoni. Watu watasemaje?"

Baba akaitikia kwa kichwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, kana kwamba kuna mwenyeji aliyekuwa akipona pale. Nilitamani kuwazaba vibao wote watatu. Ile methali nyingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hakuna aliyeikumbuka, na nchi nzima ilikuwa ikiimba habari za jembe!

Mvua ikaja na upepo. Habari zikafika kutoka Nkoma kwamba upande mmoja wa paa la bibi umeanguka, amehamishiwa kwa jirani, anakohoa damu. Mama alifunga khanga akaondoka palepale. Karani alikuja jikoni akatazama jiko, kisha akaniuliza mimi nani atapika.

Bibi alifia kwa watu, juu ya mkeka uliotandikwa kwenye udongo mbichi. Karani alikuja msibani. Alilia kwa sauti kuliko watoto wa marehemu, akaitwa mjukuu, akapewa nyama pamoja na wajukuu. Niliitazama ile nyama ikiingia kinywani mwake na nikaona haya kwa niaba ya ukoo mzima.

Tuliporudi Bariadi, jioni mama aliwasha moto. Karani akaja kama kawaida, akanawa, akavuta kigoda.

"Pole, mayu. Kazi ya Mungu haina makosa. Sasa angalau hakuna haraka ya chumba."

Mama aliusonga ugali mpaka ukaiva, akampakulia baba, akatupakulia sisi watoto, akajipakulia yeye. Kisha akakichukua chungu kitupu, akakipindua, akakiweka kifudifudi mbele ya miguu ya karani.

"Mama watoto," baba akanong'ona, uso umemshuka kwa aibu, "mgeni huyo."

"Si mgeni," mama akasema. "Ni mpangaji. Na msimu umekwisha."

Asubuhi yake aliondoka na sanduku lake, hata mwangaluka hakusema. Hakuna aliyemsukuma, hakuna mkutano ulioitwa. Chungu kimepinduliwa, mtu ameondoka. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba ilikuwa rahisi hivyo, na kwamba iliwezekana wiki zote zile bibi alipokuwa bado anapumua.

Basi wewe unayejenga, jenga. Wape ufunguo, wape maji, wape chandarua. Mwambie kila mmoja siku ya kuingia na siku ya kutoka, umwambie mbele ya mtu mwingine. Chai wakanywe hotelini. Ukimwona mmoja anatafuna mkate mkavu kizingitini, na moyo ukakuuma, mwache ukuume.

Mchana wa siku ile aliyoondoka karani, mama alitandika kitanda cha bibi kwa shuka jipya, sijui kwa nini. Mvua ikaanza tena, ikapiga lile bati mpaka jioni. Mimi na mama tulisimama mlangoni tukitazama ndani. Pale chumbani palikuwa pakavu kabisa.