Vidole na Picha ya Jalada

Bendi ilitaka picha ya jalada, maana nyimbo zao za zamani zilikuwa zinatolewa upya. Mpiga gitaa, ambaye mashabiki walimwita Vidole, akakataa mpiga picha wa kukodi.

"Mke wangu kapiga harusi za watu miaka ishirini na sita. Leo anipige na mimi."

Mama Pacha akabeba kamera, akamfuata kwenye chumba cha uani alimokuwa akitengenezea magitaa. Hapakuwa na pa kukanyaga: spika zilizochanika, nyaya zilizosokotana, kopo la gundi iliyokauka na brashi yake ndani. Akataka kusogeza maboksi.

"Acha hivyo hivyo. Ila usinipige ya kitambulisho, nikatoka kama mwizi wa kuku."

Wakacheka. Siku hizi kicheko cha Vidole kilikwenda upande mmoja tu wa mdomo. Kiharusi kilimpitia miezi minne nyuma, kikaacha mkono wa kushoto ukining'inia.

Akalipakata gitaa. Mkono wa kulia ukaenda mahali pake wenyewe. Ule wa kushoto Mama Pacha aliunyanyua, akavipanga vidole kwenye nyuzi kimoja kimoja, kama anayemvisha mtoto soksi. Akarudi nyuma, akainua kamera. Mkono ukateleza, ukaangukia pajani.

Akaupanga tena. Ukaanguka tena.

"Nifunge," Vidole akasema.

"Nini?"

"Nifunge na huo uzi wa nailoni, mama. Hautaonekana."

Akajikaza kisabuni, akafunga. Akapiga tatu za harakaharaka, jicho likiwa limejaa maji. Alipomfungua, uzi ulikuwa umechora alama nyekundu kwenye ngozi, na mwenyewe hana habari.

"Nimetoka vizuri?"

"Umetoka bwana harusi."

Jalada lilipendeza kwelikweli. Watu wakasema mzee bado anazicharaza nyuzi. Yeye hakuwahi kuzisikia sifa hizo. Kiharusi cha pili hakikumpa nafasi.

Siku ya mazishi wanabendi wakaileta ile picha, imekuzwa, iwekwe mbele ya jeneza. Mama Pacha akaigeuzia ukutani.

Binti yake mmoja akamsogelea, akamnong'oneza. "Mama, si ndiyo nzuri kuliko zote?"

"Nzuri."

"Sasa?"

"Nilimfunga, mwanangu," akasema. "Baba yako nilimfunga kwa mikono yangu hii."