Ndimu Juu ya Sakafu ya Babu

Siku yenyewe bado naiona, mwanangu Shabani. Ilikuwa Alhamisi ya joto, na mie nimesimama katikati ya chumba cha mbele cha Bibi Tatu, bakuli la hina mkononi, nacheza singeli peke yangu kama niliyepandishwa jukwaani. Lakini kabla sijafika kwenye lile bakuli, ngoja nikwambie kwa nini nakuandikia.

Nasikia ile nyumba baba yako anayoijenga huko Pugu imefikia kwenye sakafu, na familia nzima imegawanyika. Mama yako anataka tailizi nyeupe, baba yako anataka zege lisuguliwe mpaka ling'ae, na wewe umepewa kazi ya kuuliza watu. Umeniuliza na mie. Vizuri. Mie ni dada wa baba yako, tumbo moja, kitinda mimba, na kukuzidi miaka minne tu hakunipunguzii ushangazi. Utaitwa mwanangu na utaitika. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, basi tupa maswali yako hapa, nami nitakutupia ya kwangu, maana kwenye mambo ya sakafu nina aibu ya kutosha kukufundisha.

Sakafu ya Bibi pale Temeke wewe umeikuta imeshang'aa, ukadhani ilizaliwa hivyo. Haikuzaliwa hivyo. Zege lile marehemu Babu alilikoroga mwenyewe kwa koleo, enzi hizo Baba Mkubwa, mtoto wao wa kwanza, bado anatambaa. Juu yake ikapigwa niru nyekundu, ile saruji laini ya kumalizia, na niru ikapakwa dawa ya sakafu miaka na miaka, mpaka ikaanza kubanduka vipande kama ngozi ya mtu aliyepona surua. Na chumba chenyewe si cha kulala. Ndicho kazini kwa Bibi. Humo ndimo anamowapamba maharusi, anawasugua singo ya manukato, anawachora hina na piko nyeusi, na mwali anakaa chini kwenye mkeka tangu mchana hadi ajisikie ganzi.

Baba Mkubwa akasema tuweke tailizi tumalize. Bibi akakataa, na alikuwa na sababu kwenye nyonga yake. Aliitwa kumpamba mwali kwenye nyumba ya watu, sakafu tailizi tupu, mafuta ya singo yakadondoka, Bibi akakanyaga. Tangu siku hiyo anatembea ameegemea upande mmoja. Akamwambia mwanawe, "Nimeshaanguka kwa watu. Sitaki tena kuanguka kwangu."

Ndipo akaletwa Fundi Kassim kutoka Manzese. Mtu mrefu, mpole, suruali haina rangi inayojulikana kwa vumbi. Hakuja na mashine siku ya kwanza, alikuja na msumari. Akabandua niru kidogo kwenye kona, akalikwaruza zege, akapuliza, akatazama. "Bi Tatu," akasema, "zege lingekuwa bovu msumari ungechimba, na mie ningekwambia ukweli ukatafute tailizi. Hili lilikorogwa na mtu asiyekuwa na haraka." Bibi alitembea na sentensi hiyo wiki nzima. Aliwasimulia hadi wauza genge.

Kusugua kulichukua siku kadhaa. Mashine inanguruma, maji yanamwagwa, unatoka uji wa kijivu ambao mie nilisema unafanana na uji wa shuleni kwetu, na sikuwa natania. Kila hatua anabadilisha mawe ya kusugulia, makali kwanza, laini baadaye, kama seremala na msasa. Siku ya tatu tukaona kitu. Babu alitumia kokoto za matumbawe, na mchanga wake ulikuwa na vipande vya kome na simbi za baharini. Vyote vilikuwa vimelala humo ndani miaka yote tukivikanyaga, na sasa vimechongwa bapa vinang'aa, vyeupe, vya waridi, vingine vidogo kama jino la mtoto. Bibi akakaa kwenye kigoda akainama akavitazama. Akamwita Babu kwa jina, taratibu, kama anaongea na mtu aliye chumba cha pili, "Shomari, kumbe ulinifichia ushanga."

Na mie nikapiga magoti, mwanangu, nikavigusa kimoja kimoja.

Fundi alipaka dawa ya kukaza zege, akatuachia masharti. Maji na sabuni laini, basi. Kikimwagika kitu futa hapo hapo. Ndimu, siki na dawa ya kusafishia choo visiguse sakafu, kwa sababu vinalila zege. Mie nilimsikiliza kwa sikio moja, jingine nimeliziba kwa muziki. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mie kidogo nivunje la watu wengine.

Sasa turudi kwenye bakuli. Kesho yake, Ijumaa, anakuja mwali. Bibi yuko ndani anaswali alasiri, mie nimepewa hina nikaifunike. Kuna pale ambapo singeli inabadilika ghafla na mwili lazima ubadilike nayo, na bakuli nalo likabadilika. Hina ya kutosha mikono miwili ikalala juu ya simbi za Babu.

Ningeifuta tu. Ningeifuta mara moja kwa maji, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini niliganda, kisha nikazoa kwa kitambaa kikavu nikaipaka zaidi, na nilipoona doa limebaki nikakumbuka masinia ya shaba. Wewe mwenyewe umeona tunavyoyasugua hapa nyumbani: ndimu, jivu, kumbi la nazi, sinia linacheka. Nikajiambia kinachong'arisha sinia kitang'arisha na sakafu. Nikakamua ndimu tatu, nikanyunyiza na jivu. Nikasugua kwa ari ambayo ningeitia kwenye hesabu, walimu wangu wangenisimamia harusi. Povu likatoka, nikafurahi, nikadhani ni uchafu unakimbia. Lilikuwa zege linaliwa.

Nilipofuta nikaona. Doa la hina limebaki, la chungwa, na kulizunguka kuna baka jeupe, kubwa kama sinia, halina mng'ao hata kidogo, linakwaruza kama ulimi wa paka. Nikatandika mkeka juu yake. Bibi alipotoka nikamwambia hina imepungua kwa sababu imenyauka. Hina, imenyauka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata getini.

Ijumaa mwali kaja na wanawake wake, mama mmoja akasema mkeka usogezwe dirishani mwali apate upepo. Ukasogezwa. Chumba kizima kikaona.

Bibi hakuniuliza mie. Hakuwaza. Mie ni mke mwenzake, ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu, na mtu hamdhanii mke mwenzake aliyemlea. Akampigia Fundi Kassim, naye akaja moja kwa moja kutoka msikitini, kanzu mwilini.

"Kassim mwanangu," Bibi akaanza, sauti tamu, ile tamu ya hatari, "si ulinambia sakafu hii itanizika?"

"Nilisema, Bi Tatu."

"Naona ina haraka. Inataka kutangulia."

Wanawake wakacheka. Na kicheko kikamchochea. "Umeniwekea dawa feki. Nimekukabidhi kazi ya mikono ya mume wangu, umemsugua mpaka umemtoa ukurutu. Na mie mjinga nikakutafutia wateja."

Wateja wenyewe walikuwa mle mle. Mama mwenye saluni pale mtaani, aliyekuwa ameshakubaliana na fundi aanze kwake wiki inayofuata, akasema kwa sauti ya kusikika, "Basi mie naendelea na tailizi zangu." Na Baba Mkubwa, aliyeegemea mlangoni, akamalizia, "Mama, nilisema. Maboksi ninayo tangu zamani. Jumatatu tunafunika, yanaisha."

Fundi Kassim akachuchumaa. Akapitisha kiganja kwenye baka, akalowesha kidole, akakigusa kwenye sakafu, akakionja. Kisha akainua macho akanitazama. Mie nilikuwa naangalia dari kama niliyetumwa kuhesabu mbao. Nilingoja aseme. Hakusema. Alisema tu, "Bi Tatu, samahani kwa usumbufu," akatoka.

Nilimpelekea kandambili zake mlangoni, kwa sababu dhamira ikibanwa huwa inatafuta kazi ndogo ndogo.

"Binti, shule mnasoma kemia?" akaniuliza.

"Tunasoma."

"Ndimu ikikutana na matumbawe inafanyaje?"

Nikainama kumgeuzia kandambili zake.

"Nilikuwa naweza kukutaja pale. Ungeumbuka mbele ya wageni wa Bibi yako, na yeye angeumbuka zaidi yako. Zege halina mdomo, na mie wangu nimeufunga. Umebaki wa kwako." Akavaa kandambili. "Jumatatu si mbali."

Hakunipandishia sauti. Ningeomba anipandishie.

Mwanangu, usidhani nilikwenda kusema. Nilikwenda kula. Nikajiambia tailizi nazo ni nzuri, fundi atapata kazi nyingine, mjini mafundi wengi. Uongo una watoto, ukiulisha mmoja wanakuja wote. Jumamosi asubuhi Baba Mkubwa akaleta mtu na futi ya kupimia. Wakapima, wakaandika, wakatoka. Bibi akabaki peke yake chumbani, mie niko kwenye pazia. Akavua kandambili. Akapitisha unyayo wake mtupu juu ya simbi, pole pole, kutoka ukuta huu hadi ule, na nyonga yake ile mbovu. Nikaelewa. Alikuwa anaaga.

"Bibi, ni mie," nikasema. "Nilimwaga hina, nikasugua na ndimu na jivu."

Akavaa tena kandambili zake, moja moja.

"Kassim alijua?"

"Alijua. Alionja."

"Akanyamaza, mie namtukana."

"Ndiyo, Bibi."

"Nipe baibui langu."

"Unakwenda wapi na nyonga hiyo?"

"Manzese."

"Si umpigie tu simu?"

Akanitazama kama kwamba ndiyo kwanza amegundua kuwa nasoma shule bila kufundishwa. "Nilimvunjia heshima mbele za watu, mke mwenzangu. Sasa nimwombe radhi sikioni?"

Tukaenda. Kwenye mwendokasi alipishwa kiti, lakini kutoka kituoni hadi karakana ni vichochoro, na kila hatua nilisikia anavuta pumzi. Nikampa bega. Akaliegemea. Fundi Kassim alikuwa amekaa na mafundi wenzake, chai na mihogo katikati. Walipomwona bibi kizee wa watu kasimama pale, mchomelea mageti wa jirani akazima mashine yake.

"Shikamoo, Bi Tatu. Ungeniita mwenyewe ningekuja."

"Marahaba. Anayekosa ndiye anayekwenda," Bibi akasema, na akapaza sauti wote wasikie. "Huyu nilimwambia jana kuwa kazi yake mbovu. Nilikosea. Kazi yake nzima, mbovu ni mjukuu wangu. Naomba radhi mbele yenu."

Kisha akanisukuma mbele. Nikasema na mie, sauti ikikatika katikati kama redio mbovu. Mafundi wakaangalia chai yao kwa adabu. Fundi Kassim akavuta benchi Bibi akae, akanitazama, mdomo ukamcheza kidogo. "Nilijua utasema," akasema. "Sikujua utamleta na mkubwa wako wa kazi." Bibi akacheka, wakacheka wote, mie nikalia. Ndivyo ilivyokuwa.

Bibi alipokuwa bado kwenye benchi akampigia mama wa saluni, akamweleza yote bila kujificha. Saluni ile leo inang'aa, kaichungulie. Baba Mkubwa tailizi zake alitandika kwenye banda la kuku, na kuku wanateleza hadi leo. Jumapili fundi alirudi na mashine yake; wenzangu wa darasani walikwenda Mbezi Beach, mie nilisukuma uji wa zege kwa mpira wa kukaushia maji mpaka mikono ikafa. Baka jeupe likaondoka. Chungwa la hina lilibaki kwa mbali, na fundi alipotaka kuchimba zaidi Bibi akamkatalia, kwamba watakula simbi.

Basi chukua haya umpelekee baba yako, na uchukue yako. Mwambieni fundi alikwaruze kwanza zege lenu, na kama bado changa limwagilieni maji, lipeni kama mwezi kabla ya kuligusa, maana zege ni kama watu, ukilisugua kabla halijakomaa linachanika. Likiwa zima, chagueni lisuguliwe: halina maungio ya kulea uchafu, miguuni ni baridi, mtu halazimiki kutembea kama yuko juu ya sabuni. Msitake lifanane na kioo, hasa pale ambapo watu wanafanya kazi na maji. Na kikimwagika kitu jikoni, aliyemwaga afute, apige kelele amemwaga, nyumba nzima ijue. Doa likiwa bichi linafutika kwa kitambaa. Likikauka litahitaji mashine, na pengine mguu wa mtu mzima asiyestahili kutembezwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na mara nyingi anayeumbuliwa si yeye peke yake.

Nawe ukiona kosa la mdogo wako, mpe nafasi alitaje mwenyewe, kama nilivyopewa mie. Ukimkosea mtu hadharani, nauli yako iwe ya kwenda hadharani.

Mungu aikamilishe nyumba yenu ya Pugu, aijaze watu wanaoingia bila kubisha na kutoka wameshiba. Akulaze salama, akuamshe na uso wa kumtazama kila uliyeachana naye jana. Akukuze unipite urefu, umeshanipita, na unipite na akili. Amina.