Muhuri wa Mjukuu

Jumamosi nilikuwa kwenye saiba moja ya Buruburu, duka la intaneti lenye kupiga chapa na fotokopi pia, mzee mstaafu wa reli akaingia na tai yake shingoni. Saiba ilikuwa imehamia kampuni nyingine ya intaneti, na tangu hapo barua pepe ya mzee ilikataa kufunguka. Na binti yake yuko ng'ambo, siku za kujifungua zimefika!

Mzee alimkabidhi dada wa kaunta bahasha kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na barua rasmi kwa kampuni ya zamani, nakala tatu, akiomba sanduku lake la barua pepe lihamishwe.

“Mzee, barua zako hazikukaa kwao,” dada alisema. “Kampuni ni barabara tu. Hii kompyuta ndiyo bado inatafuta barabara ya zamani.” Akafuta mipangilio ya zamani, akabonyeza tena. Barua saba!

“Soma ya juu!” tukapiga kelele sisi wateja, wote tumeshasimama nyuma yake.

“Kwanza nipigie muhuri nakala yangu, mama.”

Dada akagonga: IMEPOKELEWA. Ndipo mzee akasoma. Mtoto wa kike, mzima, kapewa jina la marehemu mke wake.

“Amerudi,” mzee akasema. Tulipiga makofi hadi kinyozi wa jirani akaja mbio, mkasi mkononi.

Mzee akaomba barua ya binti yake ichapishwe, akaisukuma kwenye kaunta, kidole kwenye kona. “Na hii pia.”

Miaka yote nimelaani mihuri ya ofisini. Ule wa Jumamosi ningeugonga mwenyewe.