Mafuta Yasiyo na Kikaango

Kabla hajamchoma mtu sindano, mpima damu wa zahanati ya mji wa Tizimín husugua viganja mpaka vipate joto, kisha huupapasa mshipa huku amefumba macho, akiubembeleza: "Jitokeze basi, mrembo, usinionee haya." Doña Eufrasia, mgonjwa wa kisukari anayeuza nyama ya nguruwe ya kukaanga sokoni, humcheka kila mara. Lakini leo, mashine ilipomaliza kuizungusha damu yake, mpima damu alikiinua kichupa dirishani. Juu ya damu iliyotuama, pale panapokaa maji ya manjano, palikuwa peupe pe, kama maziwa.

"Mamangu, umekula nini leo?"

"Sijatia kitu kinywani! Na mafuta nimeacha tangu Kwaresima."

"Na soda je?"

"Ah, soda nayo ni mafuta, mwanangu?"

"Sukari ikikuzidi, ini linaigeuza mafuta. Humo humo ndani, bila kikaango."

Akamwekea kichupa mkononi, kikiwa bado na joto la kiganja chake. Eufrasia, aliyeyeyusha mafuta ya nguruwe tangu usichana wake, alikitazama bila kupepesa macho.

"Yesu wangu," akanong'ona. "Kumbe hata nikilala, nakaanga."