Ngoma Iliyopunguza Mwendo

Mume wangu alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya Boma la Arusha, enzi za Mdachi. Alikuwa mtu wa Pangani, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Hata akila, vidole vilipiga sinia. Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga. Nyumba yetu ilikuwa karibu mno na Boma, na muziki wao niliuchukia kabla haujanipa sababu.

Mwaka ule kaka yangu alifungwa. Askari walikwenda Nkoaranga kutafuta watu wa kubeba mawe ya barabara, naye akawaambia migomba yake imeangushwa na upepo, hana nafasi. Askari mmoja akamsukuma, naye akamrudishia kofi. Walimvunja goti kwa kitako cha bunduki, wakamburuta hadi Boma. Kila asubuhi nilimpelekea kibuyu cha loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Askari wa mlangoni alikipokea, baadaye akanirudishia kitupu. Kama alikula kaka au alikula yeye, sikujua. Kumpiga askari kofi! Watu walinyongwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Ndipo bendi ikaanza kujifunza wimbo mpya.

Nyimbo zao nilizozoea zilikuwa za kwata, za haraka. Huu ulikuwa wa polepole. Pigo moja la ngoma, kimya cha kutosha mtu kuvuta pumzi na kuitoa, kisha pigo la pili. Tarumbeta zilianza chini, zikapanda kidogo, zikashuka tena bila kufika popote. Sokoni watu waliacha kupatana bei.

"Wanajifunza kuzika," alisema jirani yangu, muuza chumvi, "na bado hakuna aliyekufa." Akanitazama, kisha akajifanya anapanga chumvi yake.

Niliogopa. Kila wimbo ule ulipoanza nilijikuta nimeshika shingo yangu mwenyewe.

Jioni nilimkabili mume wangu. "Wimbo ule ni wa nani?"

"Mzungu anayetufundisha bendi hakusema, mke wangu. Ni muziki mpya wa kwao Ulaya. Huko unapigwa na watu chumba kizima, wengine kwa vyombo vya nyuzi. Ameupunguza ututoshe sisi wachache."

"Ni wa msiba?"

Akafikiri. "Zipo sauti za kicheko na zipo za kilio. Huu umekaa kwenye kilio tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Ungeweza kunidanganya kidogo," nilimwambia.

Tatizo lake yeye lilikuwa mwendo. Kila walipofika katikati, ngoma yake ilikimbia. Mzungu aliisimamisha bendi, akagonga meza kwa kijiti chake, wakaanza upya. Yote niliyasikia kutoka jikoni. Siku nyingine ningemtania kwamba haraka haraka haina baraka. Wiki ile niliendelea kuchochea moto. Nilijua anakimbia kwa sababu naye anaogopa, na kwamba shemeji yake akipelekwa kunyongwa, yeye ndiye atakayepiga ngoma.

Jumapili alasiri waliupiga wimbo mzima kwa mara ya kwanza. Nilikaa chini nikiuma ncha ya kanga. Ulipokwisha nikasikia watu wakipiga makofi.

Mume wangu alirudi akicheka peke yake. Waliopiga makofi walikuwa wageni tu, Wazungu wa mashambani, wameketi barazani na bilauri mikononi. Bibi mmoja wa Kizungu alifuta machozi, kisha akaomba aongezewe keki.

"Ni wa starehe," alisema mume wangu. "Wanalia kwa starehe."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Niliwaona Wadachi ni wapumbavu wakubwa, na usiku ule nikapata usingizi.

Asubuhi nilikuwa nakoroga loshoro bendi ilipoanza wimbo wa kwata, ule wenye furaha kuliko zote. Watoto wa jirani wakatoka kurukaruka njiani. Nami nikaufuata kwa mwiko. Kisha mkono ukasita. Wimbo ulikuwa ule ule, tarumbeta zikicheka vile vile, lakini ngoma ilikuwa inajikokota. Mume wangu, aliyeshindwa wiki nzima kwenda polepole, alikuwa anakwenda polepole.

Niliacha chungu motoni nikakimbia.

Niliwakuta wakiteremkia mto Themi, njia ya Moshi. Bendi ilikuwa mbele. Nyuma yake wafungwa wenye minyororo shingoni, wanapelekwa pwani, na waliopelekwa pwani hatukuzoea kuwaona tena. Kaka yangu alikuwa katikati yao, akiutupa mguu wake mbovu. Kila pigo la ngoma lilimngoja mpaka autue chini. Lilimngoja kweli, niliona kwa macho yangu. Mzungu alifoka, akafoka tena. Mume wangu hakugeuza kichwa. Jasho lilimtiririka shingoni, akaendelea kumngoja shemeji yake.

Darajani Mzungu alimpokonya mikwiro ya kupigia, akampa mwingine. Ngoma ikashika mbio, wimbo ukawa kama ulivyotakiwa, mnyororo ukavutwa. Nilimwita kaka kwa Kimeru, kwa jina la nyumbani. Alisikia, najua, maana mabega yake yalishtuka. Lakini hakuweza kugeuka. Ilimbidi aangalie miguu yake.